Jiko la Kambi Lisiwe na Pazia

Wahenga walisema kwamba sahani iliyofunikwa, kilichomo kimesitirika. Kwa mgeni aliyealikwa karamuni methali hiyo ni heshima, kwani mwenye nyumba hufunika chakula ili inzi wasikitue na kisipoe. Lakini kwa askari aliyepanga mstari na sahani yake ya bati mkononi, methali hiyo hiyo huweza kuwa na maana ya pili, ambayo sote twaijua ingawa ni wachache wanaoitamka. Leo napenda kuitamka, ndugu askari na polisi. Nami nitaanzia mbali kidogo, katika mkahawa wa Wajapani, maana huko ndiko nilikofunguliwa macho.

Mwaka 2015 Jeshi la Kujihami la Japani lilianza kutuma wakufunzi mjini Nairobi, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa, ili kuwafundisha wahandisi wa majeshi ya Afrika kuendesha matingatinga na mitambo mingine ya kujengea barabara. Lengo lilikuwa kwamba majeshi hayo, yakitumwa kulinda amani, yaweze kufungua njia na kujenga kambi bila ya kungojea msaada wa mtu. Mojawapo ya kozi hizo ilipofungwa, mimi nilipelekwa kuiandikia habari. Jioni ya siku ya mwisho, mkufunzi mmoja mwenye cheo cha Meja aliniuliza kama nilipata kula chakula cha kwao. Nikamjibu kwamba sijapata. Akasema, basi twende. Tukafuatana watu wanne: Meja mwenyewe, mimi, Sajini mmoja wa wahandisi wetu aliyekuwa mwanafunzi wake, na Inspekta wa polisi aliyekuwa ametusaidia kwa usafiri wiki nzima.

Sisi wageni tulitazamia kuketi mezani, kuagiza, na kungojea chakula kitoke jikoni. Kumbe meza yenyewe ndiyo jiko! Katikati palikuwa na bamba pana la chuma lililopashwa moto kwa gesi kutoka chini, na kuzunguka pande zake tatu palikuwa na ukingo wa mbao wa kuwekea sahani. Upande wa nne ulikuwa wa mpishi. Tulipewa kwanza vitambaa vya maji ya moto tukafuta mikono. Kisha mpishi akaja akisukuma kigari chake, akainama kutusalimu, na kabla hajagusa kisu akainua sinia lenye nyama mbichi ya ng'ombe, kamba wa baharini, vitunguu, uyoga na mboga, akalipitisha mbele ya kila mmoja wetu ili aone.

Sajini akaniinamia sikioni. "Afande, nyama yote hii ni yetu?"

"Ni yetu, Sajini."

"Basi leo ni mara ya kwanza, tangu nivae gwanda hili, kuiona nyama yangu kabla haijaingia sufuriani."

Inspekta aliyasikia maneno hayo akaangua kicheko, nami nikacheka pia. Lakini usiku, nilipokuwa nimelala, sikucheka tena.

Upishi huo huitwa teppanyaki. Neno teppan maana yake ni bamba la chuma, na yaki ni kuchoma au kukaanga. Watu wengi hudhani kwamba ni mila ya Wajapani ya tangu zama za kale, lakini si hivyo. Mkahawa unaotajwa kuwa ndio ulioanzisha mtindo huu ni Misono wa mji wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1945, mwaka ule ule Japani iliposhindwa vita na miji yake kuwa majivu. Miongoni mwa wateja walioupenda zaidi walikuwa askari wa Marekani waliokuwa wakiikalia nchi hiyo hadi mwaka 1952. Hao walikuwa wamezoea kula nyama iliyochomwa, na walifurahi kumwona mtu akiikata na kuipika mbele ya macho yao. Hivyo chakula hiki tangu mwanzo kina uhusiano na watu wa gwanda.

Kutoka Kobe mtindo huo ulivuka bahari. Mwaka 1964 Mjapani mmoja, Hiroaki Aoki, alifungua mkahawa wake wa kwanza mjini New York akauita Benihana. Alikuwa amepata mtaji wake kwa kuuza malai ya barafu kwa gari mitaani Harlem. Katika mikahawa yake ndipo wapishi walipoongeza michezo: kurusha kamba hewani, kupiga miiko ya chuma kama ngoma, na kupanga duara za kitunguu zitoe moto kama volkano. Mpishi wetu wa Nairobi alifanya mchezo mmoja tu, ule wa kitunguu, Sajini akapiga makofi kama mtoto. Baada ya hapo alifanya kazi kimya. Kila pande la nyama alilikata mbele yetu, akaligawa mafungu manne, na mafungu hayo yalikuwa sawa. Hapakuwa na fungu la Meja wala fungu la Sajini.

Nilikitazama sana kisu chake. Sisi watu wa silaha hatuwezi kumwona mtu ameshika kitu chenye makali tusimtazame. Meja aliligundua jambo hilo akanieleza habari iliyonikaa moyoni. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani. Waliobakizwa, zaidi ya wakuu waliovalia mavazi ya sherehe, ni wanajeshi na polisi tu. Wahunzi wengi waliokuwa wakifua panga wakakosa wateja, na baadhi yao wakageukia visu vya jikoni. Hata leo mji wa Sakai, jirani na Osaka, unasifika kwa visu vyake. Kwa hiyo kisu kile cha mpishi na upanga wa askari ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni kwamba kisu cha mpishi hufanya kazi mbele ya anayehudumiwa, naye akiwa ameketi hatua moja tu kutoka kwenye makali hana hofu hata kidogo. Hana hofu kwa sababu anaona.

Baada ya nyama tulihamia kwenye ubao wa sushi. Hapo ndipo ushujaa wetu ulipojaribiwa. Mpishi wa pili, mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliweka mbele yetu matonge madogo ya wali, na juu ya kila tonge kipande cha samaki mbichi: jodari mwekundu, samoni, ngisi. Inspekta, ambaye nilikuwa nimemwona akikabiliana na msongamano wa magari ya Nairobi bila ya kutetereka, alirudi nyuma kidogo kitini. Sajini akasema, "Afande, huyu bado anaogelea." Mimi nami nilijikaza kwa ajili ya cheo, si kwa ajili ya njaa.

Meja hakutucheka. Alituonyesha namna ya kula. Tonge waweza kulishika kwa vidole, si lazima vijiti. Chovya upande wa samaki katika mchuzi wa soya, usichovye wali, usije ukavunjika. Lile rojo la kijani liitwalo wasabi ni kali kuliko pilipili kichaa, lakini ukali wake hupanda puani ukatoweka upesi. Vipande vya tangawizi ni vya kusafisha kinywa kabla ya kula samaki wa aina nyingine. Na katika kula wali wa bakuli, usisimamishe vijiti wima ndani yake, wala usimpe mwenzako chakula kutoka kijiti hadi kijiti, kwani mambo hayo mawili kwao ni ya mazishi. Tukafuata amri. Nami nakiri, ndugu wasomaji, kwamba jodari yule alikuwa laini na mtamu, na kwamba tonge la tatu sikulila kwa sababu ya cheo.

Yafaa nieleze asili ya sushi, maana ina mafunzo. Zamani haikuwa samaki mbichi. Ilikuwa ni njia ya kuhifadhi samaki kwa kumtia chumvi na kumpanga ndani ya wali, akakaa humo kwa miezi mingi hata wali ukachacha. Kandokando ya Ziwa Biwa huko Japani wako watu wanaofanya hivyo hadi leo kwa samaki wa ziwani. Sushi ya matonge tuliyokula sisi ilianzia mji wa Edo, ndio Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19, na mtu anayesifiwa zaidi kwa kuieneza ni Hanaya Yohei. Wakati huo haikuwa chakula cha matajiri. Kiliuzwa vibandani, kikaliwa kwa mkono na watu wa kazi ambao hawakuwa na nafasi ya kuketi. Wali ulitiwa siki, na siki hiyo pamoja na wasabi vilisaidia kuzuia kuoza.

Hapa natoa onyo, maana najua tabia zetu. Asitokee kijana wa kambini akasoma makala haya, akateremka Ziwa Viktoria, akamkata ngege au sangara na kumla mbichi ati amekuwa Mjapani. Samaki wa maji baridi huweza kuwa na minyoo inayodhuru ini la mwanadamu, ndiyo maana wapishi wa sushi hutumia zaidi samaki wa baharini. Hata hao wa baharini wana mdudu wao, aitwaye anisakisi. Wizara ya Afya ya Japani huagiza kwamba ili kumwua, samaki agandishwe kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua saa 24. Chakula kile kilichotulegeza magoti hakikuwa uzembe, bali kilikuwa na nidhamu kali nyuma yake.

Nidhamu hiyo huonekana katika jina la mpishi mwenyewe. Mpishi wa sushi huitwa itamae, na maana ya neno hilo ni "mbele ya ubao." Mwanafunzi huanza kwa kufagia, kuosha vyombo na kuosha mchele. Kwa desturi ya zamani huweza kupita miaka mingi kabla hajaruhusiwa kusimama mbele ya ubao na kumkatia mteja samaki. Hakabidhiwi makali mpaka mkono wake umeaminika. Na akishasimama hapo, hana pazia la kujificha. Mteja huona kama mikono ni misafi, kama ubao umefutwa, kama samaki anang'aa au amefifia. Mgeni humwambia mpishi neno moja tu, omakase, yaani "nakuachia wewe." Ni amana kubwa. Mtu ampe mwenzake ruhusa ya kumlisha samaki mbichi kwa mkono mtupu! Lakini amana hiyo haikuletwa na maneno matamu. Imeletwa na kuonekana.

Wajapani walilijua jambo hilo hata katika dhiki. Baada ya vita chakula kiligawiwa kwa kipimo, na mwaka 1947 serikali ilizuia mikahawa kuuza vyakula. Wenye vibanda vya sushi wa Tokyo hawakukata tamaa. Walikwenda kwa wakuu wakaomba kibali cha namna nyingine. Mteja angeleta mchele wake mwenyewe, kipimo kimoja kiitwacho gō, ambacho ni kama gramu 150, na mpishi angemrudishia matonge 10 kwa ujira wa kazi tu. Wakakubaliwa. Basi katika mji wenye njaa, kila mtu alijua kilichoingia na kilichotoka: gō moja, matonge 10. Hapakuwa na nafasi ya manung'uniko. Inasemekana kwamba hata leo desturi ya kuandaa matonge kama 10 katika sahani moja imetokana na kipimo hicho cha siku za njaa.

Ikafika saa ya kulipa. Sajini, kwa adabu ya kwetu, alitaka kumlipia mwalimu wake. Akatoa pochi kabla ya sote. Meja akamzuia kwa upole lakini kwa uthabiti. Akasema kwamba kwao askari ana sheria ya maadili, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimtahini Sajini wiki ile. Hakutaka chakula kikae kati ya mwalimu na alama za mwanafunzi. Alituambia jinsi sheria hizo zilivyozaliwa. Mwaka 1998 Japani ilitikisika ilipofichuka kwamba maofisa wa Wizara ya Fedha walikuwa wakikirimiwa karamu na mabenki waliyopaswa kuyakagua. Mwaka uliofuata, 1999, ikatungwa sheria ya maadili ya watumishi wa umma, na nyingine kama hiyo kwa ajili ya wanajeshi wao. Kwa hiyo karatasi ya hesabu iliwekwa mezani, ikasomwa na wote, kila mtu akalipa fungu lake. Inspekta alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Sisi polisi twahitaji sana karatasi kama hiyo." Sitaongeza neno juu ya hilo.

Sasa nirudi kwenye maneno ya Sajini, yale yaliyoninyima usingizi.

Nilipokuwa kuruta katika chuo cha maofisa, chakula chetu kilikuwa posho na maharagwe, kama ilivyo kawaida, na nyama mara mbili kwa juma. Katika siku za nyama jiko lilifungwa. Sisi tulikaa nje tukinusa. Sufuria zilipofunguliwa, supu ilikuwa nyingi na nyama ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mpishi mkuu alikuwa mzee mmoja mwenye mguu mbovu, raia aliyelitumikia jeshi kwa muda mrefu. Sisi vijana tuliamua kwamba mwizi ni yeye. Nani mwingine? Si ndiye mwenye ufunguo wa jiko? Siku moja mwenzetu alimrushia sahani. Wengine tukapiga kelele, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga. Tuliadhibiwa kwa kukimbizwa na magogo mabegani, lakini na yule mzee pia aliondolewa kazini.

Miezi michache baadaye ilijulikana kwamba nyama ilikuwa ikiletwa pungufu tangu getini. Aliyeileta alitia saini uzito ambao haukuwamo garini, na aliyeipokea alitia saini pia. Mzee yule hakuwa amechukua hata mfupa. Alikuwa akijitahidi kutulisha mamia ya vijana kwa nyama ya nusu yetu, na alinyamaza kwa sababu nani angemsikiliza? Hao wawili walipatiwa adhabu yao. Lakini hakuna aliyekwenda kumtafuta mzee na kumwomba radhi. Mimi sikwenda. Leo ni zaidi ya miaka 10, nami naandika haya nikijua kwamba nimechelewa.

Lau kama mizani ingekuwa imetundikwa nje ya jiko, na nyama ikapimwa mbele ya kuruta wawili wa zamu, wezi wale wasingethubutu, na mzee yule asingevunjiwa heshima. Hilo ndilo fundisho nililolipata mbele ya bamba la chuma mjini Nairobi. Jiko lililo wazi humzuia mwizi, na zaidi ya hapo humlinda mtu mwaminifu. Penye pazia, mwema na mwovu hufanana.

Kuna watakaosema kwamba chakula ni jambo dogo mbele ya mambo makubwa ya ulinzi. Hao na wasome historia ya Wajapani hao hao. Meli yao ya kivita Ryūjō ilipofanya safari ndefu ya mafunzo mwaka 1882 hadi 1883, katika watu 376 waliokuwamo, 169 waliugua beriberi, ugonjwa wa kuvimba na kupooza miguu, na 25 wakafa. Hapakuwa na vita wala risasi. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alichunguza walichokula akaona kwamba ni wali mweupe karibu mtupu. Akaomba meli nyingine, Tsukuba, ipitishwe njia ile ile mwaka 1884 ikiwa na chakula alichokipanga yeye, chenye nyama na nafaka nyingine. Wachache waliugua, na beriberi haikumwua hata mmoja. Takaki hakuijua vitamini, kwani sayansi ilikuwa bado haijafika huko, lakini alipima na kuandika kilichoingia tumboni mwa baharia. Jeshi la nchi kavu halikumfuata. Wakuu wake walishikilia wali mweupe, na katika vita vya kupigana na Urusi, mwaka 1904 hadi 1905, askari wao zaidi ya 20,000 walikufa kwa beriberi. Adui hakuwagusa hao. Waliuawa na sahani.

Basi mimi napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka ng'ambo.

Kwanza, kila kambi na kila kituo cha polisi chenye jiko kiwe na mizani hadharani, na chakula kipimwe kinapoingia mbele ya askari wawili wa cheo cha chini wanaobadilishwa kila juma. Wao nao watie saini, si mtunza bohari peke yake.

Pili, ubao utundikwe mlangoni mwa jiko, uandikwe kila asubuhi kwa chaki: leo tuko wangapi, maharagwe kilo ngapi, nyama kilo ngapi, mafuta lita ngapi. Wauza sushi wa Tokyo waliweza kuonyesha hesabu yao katika mji uliochomwa kwa mabomu. Sisi hatuwezi tuna nini?

Tatu, ofisa wa zamu ale kwenye sufuria ile ile, sahani ile ile ya bati, mbele ya askari, kila mlo. Asionje kwa kijiko na kwenda zake. Ale ashibe, au abaki na njaa kama wao.

Najua yatakayojibiwa. Wapo watakaosema kwamba hizo ni siri za jeshi. Mahali bunduki zilipo ni siri, na idadi ya watu katika kambi ya mstari wa mbele yaweza kuwa siri pia. Huko ubao na uwe ndani ya uzio, usomwe na wenyewe tu. Lakini uzito wa maharagwe ya kuruta katika chuo haukumsaidia adui yeyote, ila adui aliyemo bohari. Wengine watasema kwamba kumruhusu askari amkague mtunza bohari ni kuvunja nidhamu. Mimi nimemwona mpishi akitazamwa na watu wanne kwa saa nzima, wala hakupungukiwa na heshima. Tulipoondoka tuliinama kumshukuru. Mtunza bohari mwaminifu hana cha kupoteza akitazamwa. Kwa sasa anapoteza kila siku, kwa sababu anashukiwa na kambi nzima bila ya njia ya kujitetea.

Tena kuna jambo kubwa kuliko sufuria. Sisi ndio taifa lililowaachia silaha, kama Wajapani wa mwaka 1876 walivyowaachia upanga askari na polisi peke yao. Raia ameketi hatua moja tu kutoka kwenye makali yetu. Twamtaka atuambie omakase, nakuachia wewe, alale usingizi. Lakini ni nani atakayeamini kwamba tutamtendea haki gizani, ikiwa sisi wenyewe hatuwezi kutendeana haki juu ya kilo ya nyama? Askari aliyezoea kupunjwa na mkubwa wake hujifunza kwamba cheo ni mlango wa kupunja. Akipanda cheo, au akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, atafanya alivyofundishwa. Uadilifu wa barabarani huanzia jikoni.

Sajini yule amekwisha kurudi kikosini kwake. Siku moja alinipigia simu kunijulia hali, nikamwuliza kama bado anaukumbuka ule mkahawa. Akasema kwamba samaki amekwisha kumsahau, ila sinia hajalisahau.

"Lile sinia, Afande," alisema. "Alipolipitisha mbele yetu."

Nami pia silisahau. Kama yule mzee mwenye mguu mbovu yungali hai, na kama kuna mtu atakayemsomea makala haya, namwomba radhi hapa, hadharani, kwa niaba yangu na ya wenzangu. Na wenye mamlaka juu ya majiko yetu nawaomba jambo moja: mzani utoke bohari, utundikwe nje.